Kasa Namba Thelathini na Moja

Mashine ililia kwenye shavu la Bi Mina, na watu wote waliokuwa uani wakakosa pa kutazama.

Haikulia kwa kelele. Ilitoa mlio mmoja mwembamba, tii, halafu kwenye kioo chake ikaandika 31. Aliyeishika ni Twalib, na Bi Mina ndiye mama yake mzazi. Twalib aliiangalia ile namba, akaipeleka mashine kwenye shavu la pili la mama yake. Kimya. Akairudisha kule kwa kwanza. Tii.

"Nini hiyo?" akauliza Bi Mina. "Mbona inanililia mimi?"

Twalib akakifunika kioo kwa kiganja.

Ulikuwa utani tu. Tangu asubuhi Twalib, bosi wake Kholood na mwenyekiti wa kijiji, Mwinyimvua, walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kumtafuta kasa aliyeuawa. Jirani yao Esha, baada ya kupekuliwa mpaka ndani ya tenga la dagaa, akasema kwa sauti kwamba hawa wapimaji wanajua sana kupima vyungu vya wenzao, mbona kwa akina Twalib hawagusi. Watu wakafuata nyuma kuja kuona. Twalib akapima masufuria, akapima kinu, akapima kisu na kibao cha kukatia nyama. Hakuna kitu. Bi Mina alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, akasema na yeye apimwe basi, wasije wakasema kapendelewa. Watu wakacheka. Twalib akampitishia mashine tumboni, mgongoni, begani, na yeye anacheka. Bi Mina akamgeuzia shavu la kushoto, lililokuwa limevimba kidogo.

"Na hapa panauma siku ya tano leo," alisema. "Hebu iniambie pana nini."

Ikamwambia.

Kijiji chenyewe kiko ufukweni, ukishapita Mkange unaelekea upande wa Saadani. Mradi wa kasa uliingia hapo miaka miwili nyuma, na mwanzoni ulikuwa kichekesho. Walikuwa wanawafunga kasa kibati cha chuma kwenye pezi, wengine wanabandikwa mgongoni kidude chenye waya uliosimama kama sharubu. Mvuvi akimpata kasa wa hivyo anajua cha kufanya: anang'oa kibati, anatupa baharini, waya anafungia mshipi. Ofisini wanaandika kasa amepotea.

Halafu akaja Kholood. Huyu ni binti wa Mzee Mahfoudh, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Bagamoyo mjini. Alisoma nje mambo ya mitambo ya mawasiliano, akarudi na chipu mpya za mradi. Kwenye mkutano wa kijiji alizimwaga kiganjani watu wakadhani ufuta. Mzee mmoja akamuuliza inaongeaje bila antena. Kholood akafurahi kuulizwa. Akasema redio ina ule mkonga wa kuvuta, na simu nayo ina antena imefichwa humo ndani, lakini ni kipande mbali na chipu mbali. Hiki hakina vipande viwili. Antena imechorwa juu ya silikoni yenyewe, humohumo kwenye chipu, nyembamba kuliko unywele. Hakina waya wala betri. Ukisogeza mashine, chipu inapata nguvu kutoka kwa mashine na kujibu namba yake.

"Kwa umbali gani?" akauliza yule mzee.

"Vidole viwili."

Watu wakacheka sana siku ile. Mawasiliano gani hayo yasiyofika hata mkono. Kholood alisubiri wamalize, akasema vizuri tu kwamba wao hawataweza kukiona, na yeye ataweza kukipata.

Twalib ndiye aliyefundishwa sindano. Kasa akipanda kutaga, anachomwa chipu shingoni, na akirudi msimu mwingine anapitishiwa mashine. Namba thelathini na moja alimchoma yeye mwenyewe kwa mkono wake, jike kubwa, gamba lina ufa upande wa mkia. Wiki ile ya msako kipande cha gamba chenye ufa kilirudishwa na maji ufukweni, Kholood akakiona. Ndiyo maana wakaanza kupekua.

Kholood alichukua mashine mikononi mwa Twalib. Akapima mwenyewe. Ikalia.

"Shikamoo mama," alisema, maana alipoingia hakusalimia vizuri. "Samahani sana. Naomba ufungue mdomo."

Bi Mina akamwangalia mwanawe. Twalib akatazama chini. Mama wa watu akafungua mdomo mbele ya mwenyekiti, mbele ya Esha, mbele ya vijana aliowapokea wakati wanazaliwa, na Kholood akammulika kwa tochi ya simu. Watu wakajisogeza. Wapo walioinama kabisa. Jino la nyuma la chini lilikuwa na tundu, na tundu limejazwa karafuu iliyotwangwa. Jino linauma, unalishindilia karafuu, kila mtu pwani anajua hivyo. Chipu iliingia tunduni pamoja na nyama, na karafuu ikaifungia humo.

Ashatu, mke wa Twalib, alitoka jikoni akasimama katikati kumkinga mkwewe. Akawaambia watu waende makwao. Hakuna aliyeondoka.

Sasa Twalib hakuwa mjinga wa jambo hili. Alhamisi iliyopita walisoma hitima ya baba yake, Mzee Ausi, mwaka tangu afe. Hitima bila nyama ni aibu, na yeye mradi haujamlipa mshahara mwezi wa pili huo. Dadi, kaka yake Ashatu, akaleta beseni limefunikwa. Akasema kasa kanasa wavuni mwenyewe, kamkuta ameshakufa. Bi Mina hakuuliza swali la pili. Wakampika na Ashatu kwa bizari nyingi na tangawizi na siki mpaka harufu ya bahari ikatoka, wakawapakulia watu wakasema ng'ombe.

Twalib alirudi kutoka doria watu wanakula. Tonge la kwanza tu akajua. Yeyote aliyezaliwa ufukwe ule akitafuna anajua, na wote walitafuna na hakuna aliyesema. Ijumaa alfajiri, kabla ya kwenda kazini, alichukua mashine akapima kila kitu humo ndani, masufuria, visu, jivu, majani ya mgomba waliyofunikia. Akajipima hata tumbo lake mwenyewe, anaona aibu kama mwizi. Kimya. Akashukuru Mungu. Mdomo wa mama yake hakuupima. Nani angewaza hivyo.

"Nani kaleta nyama?" aliuliza Kholood.

Mwinyimvua akawa anaangalia makubazi yake. Esha akasema ana chungu motoni, lakini hakwenda kokote.

Kholood akaeleza kwamba hili siyo jambo lake, ni la serikali. Kasa ni nyara ya serikali. Mtu anafungwa. Mradi utafungwa, na walinzi wa ufukwe wote wanane wa kijiji hiki watarudi nyumbani. Namba ikishasomwa haifutiki, mashine imeshika namba, saa na mahali, na ikifika penye mtandao inatuma yenyewe makao makuu.

"Kwa hiyo haijatuma," akasema Bi Mina.

"Hapa hakuna mtandao. Tukifika pale shuleni itatuma."

Mwenyekiti akakohoa. Akasema kisima cha akina Twalib ni kirefu, na vitu huwa vinaanguka, ni ajali za kawaida. Kholood akamwambia mashine ile ikianguka kisimani wataanza kuuliza kwa nini imeanguka leo, na yeye mwenyekiti ndiye shahidi wa kwanza. Mwinyimvua akarudi kwenye makubazi yake.

Bi Mina akajifuta mdomo kwa upande wa khanga. Alikuwa ametulia kuliko wote.

"Mwanangu," alimwambia Kholood, "Alhamisi ulikuja kwenye hitima ya mume wangu, Mungu akulipe. Ulikaa ukumbini na kina mama. Ulikula sahani ngapi?"

Kholood hakuelewa haraka. "Mbili," alisema.

"Na ya pili ulipoomba ulisema nini?"

Ashatu ndiye aliyejibu, bila kumwangalia mtu. "Alisema nyama yetu laini. Ng'ombe wa mjini siku hizi kama mpira."

Kuna mtu alitaka kucheka, ikamwishia puani. Kholood alisimama vilevile, mashine mkononi, uso unageuka rangi pole pole kama mtu anayesomewa barua. Halafu akazunguka nyuma ya makuti ya bafuni, watu wakamsikia anajilazimisha kutapika chakula cha siku tano. Hakuna kilichotoka. Ashatu akampelekea maji kwenye kata, akamshika mgongo. Kina mama wakasimama wanaangalia, kwa mara ya kwanza wakamwonea huruma.

Aliporudi mtandio umelowa kifuani. Hakumuuliza Bi Mina, akamgeukia Twalib.

"Kwa nini hamkununua ng'ombe?"

"Kwa mshahara upi?"

Alisema kwa upole tu, lakini ilikuwa kama amempiga kofi. Kholood alikuwa anajua. Wiki tatu alikuwa anawaambia walinzi fedha ziko njiani, na yeye anaambiwa vilevile na wa juu yake. Akakaa chini, kwenye ile mbuzi ya nazi, mwanamke na shahada zake, akaishika mashine mapajani. Watu wakasubiri. Hata kuku walisogea.

"Ikisoma namba ileile mara mbili siku moja," alisema mwishowe, kama anayeongea peke yake, "inashika mahali pa mwisho."

Twalib akaelewa kabla ya wengine. Akatamani asingeelewa.

Wakaenda ufukweni saa saba mchana, jua limesimama kichwani. Hakuna aliyeitwa na wote walikwenda. Kholood alitaka pale juu ya mstari wa mwani, wanapotagia kasa, na alitaka mashine iwe chini karibu na mchanga, kwa sababu mashine inapima mpaka kimo ilichoshikiwa. Kwa hiyo Bi Mina akapiga magoti. Akainama. Akaweka shavu mchangani, na mwanawe akachuchumaa mbele yake akamsogezea mashine usoni.

"Nimezaa saba," alisema Bi Mina na mchanga mdomoni. "Kutaga sijawahi."

Wakacheka, wengine mpaka machozi, maana hofu ilikuwa imewajaa mno. Twalib hakucheka. Mashine ikalia. Wakapanda shuleni, mtandao ukashika, na ile habari ikaondoka: kasa namba thelathini na moja ameonekana ufukweni, yu hai.

Twalib akashauri jambo la akili. Jino ling'olewe, litiwe kwenye kopo, kila mwezi yeye apeleke kopo ufukweni. Kholood akakataa. Chipu ni ufuta. Jino likivunjika, au karafuu ikitoka na damu, chipu imekwenda na haitaonekana tena. Na kasa huyo akipotea mwezi uleule ambao gamba limeokotwa, wataleta watu wengine wenye mashine nyingine. Jino likae. Mara moja kwa mwezi tu, mpaka mambo yapoe.

Bi Mina alikubali yeye mwenyewe. Alisema jino moja si kitu, watu wanane wapate kula.

Mara ya kwanza ilikuwa kama sherehe. Wake za walinzi walimletea uji wa mchele, Esha akaleta bokoboko kwenye bakuli lake zuri na akakaa kuzungumza mpaka jioni, ndiyo kuomba radhi kwake huko. Ukipita barabarani watu wanamuuliza Twalib kasa wetu kaamkaje. Dadi, ambaye tangu ile Jumanne ya msako alikuwa anatembea upande wa pili wa kijiji, akaanza kurudi kwa dada yake. Alisema shemeji, yamepita.

Makao makuu wakafurahi. Kasa wengine wote wanatoweka miezi na miezi, thelathini na moja hakosi. Wakaandika barua ya pongezi. Wakataka asomwe mara mbili kwa mwezi.

Shavu likazidi. Bi Mina akaanza kufunga taya kwa khanga kama maiti, na watoto wa njiani wakampa jina, Bi Kasa, mwanzo kwa siri, baadaye hadharani. Siku ya pili ya ufukweni hakupiga magoti, alishikwa akawekwa. Usiku analala ameketi. Karafuu haishindiliwi tena, maana Kholood alikataza asiguse kitu humo, apewe dawa za maumivu tu, na dawa zenyewe alizituma kwa bodaboda. Twalib alimpigia simu kutoka shuleni. Alimweleza mama hali hivi na hivi. Kholood akasema anajua, yeye pia halali, lakini wavumilie, miezi minne tu mradi unakwisha. Alisema miezi minne kama mtu anayesema dakika nne.

Mwenyekiti alikuwa anapita kila jioni kumjulia hali. Alikuwa anaangalia shavu, si macho.

Mishahara ililipwa mwezi wa tatu tangu msako, yote kwa pamoja. Twalib akapanda pikipiki mpaka Mkange akanunua ng'ombe, kilo mbili, nyama nzuri ya mguu. Alikuwa na furaha ya mtu aliyesubiri sana. Ashatu akaipika mpaka ikawa inaachana yenyewe. Wakamtengea mama kwanza.

Bi Mina akafungua mdomo. Ukafunguka upana wa kidole. Akajaribu kusukuma kipande kwa ncha ya kijiko, kikashindwa kupita, kikaanguka kwenye khanga. Akakiokota akakirudisha sahanini, taratibu, asionekane. Akavuta mchuzi kwa pembeni ya mdomo, nusu ukamchuruzika shingoni. Kulikuwa na harufu, ya kwake siyo ya nyama.

"Nzuri," alisema. "Laini."

Hajatafuna kitu, na anasifia ili mwanawe asione vibaya.

Twalib akaweka tonge chini. Ile siku mashine ilipolia alishtuka, ndiyo, lakini alishtuka kwa ajili ya kazi yake na jela. Sasa ndiyo alishtuka. Alimwangalia mama yake kama amemkuta amelala barabarani na yeye ndiye aliyemgonga, siku nyingi zilizopita, na tangu hapo amekuwa akimpita tu. Miezi miwili amempigisha magoti. Ameshika mashine kwa mkono huu huu. Hakusukumwa na mtu.

Akamwambia Ashatu atafute khanga safi na kadi ya kliniki.

Asubuhi Mwinyimvua alikuwa amesimama mbele ya pikipiki. Sijui nani alimwambia. Alisema Twalib afikirie, nyumba nane zinakula kwa jino lile, wiki ijayo ndiyo siku ya kupima. Nyuma yake wamekuja walinzi wawili. Esha yuko mlangoni kwake na bakuli mkononi.

"Mwenyekiti," alisema Twalib, "njoo umnuse."

Mwinyimvua hakusogea.

"Si mnakula kwake. Njoo umnuse mdomo."

Mzee akatoka njiani. Dadi akawakimbilia mbele kidogo, akashika usukani, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, mimi nitafungwa. Nina watoto."

"Hutajwi. Toa mkono."

Bi Mina akakaa katikati, kati ya dereva wa bodaboda na mwanawe, taya limefungwa. Njiani wakapata gari la Bagamoyo.

Bagamoyo mjini daktari wa meno alikuwa kijana, pengine mdogo kuliko Twalib. Alipomfungua mgonjwa mdomo aligeuka akamkaripia Twalib hapohapo, hakuchagua maneno. Alisema usaha unateremka, wiki nyingine moja ungefika shingoni, na ukifika shingoni mtu hapumui. Akauliza walikuwa wanasubiri nini. Twalib akasema ni miezi miwili sasa, walikuwa mbali. Daktari akasema umbali gani huo wa miezi miwili.

Ilichukua karibu saa nzima. Jino lilivunjika mara mbili, likatoka vipande, na damu, na uchafu mweusi wa karafuu. Kila kipande kilidondoka kwenye sahani ya bati. Mwishowe daktari akauliza kama wanataka kuondoka nalo, wazee wengine huwa wanataka. Bi Mina akatikisa kichwa. Muuguzi akamwaga vyote kwenye ndoo.

Wakakaa nje kwenye benchi kusubiri ganzi iishe. Twalib akatoa simu. Mtandao ulikuwa umejaa.

"Bi Kholood, thelathini na moja amekufa."

"Unasema nini? Lini?"

"Siku nyingi. Ameliwa. Andika ameliwa, nyumbani kwa Twalib Ausi, siku ya hitima ya baba yangu."

Alisikia mlango unafungwa upande wa pili, na Kholood akarudi na sauti ndogo. "Twalib, mimi ndiye niliyetuma zile taarifa. Zote. Unajua maana yake? Unajua na mimi nilikula?"

"Najua. Wewe jiandike, usijiandike, shauri yako. Mimi niandike."

"Watauliza nani alileta."

"Mimi."

"Wewe ni mlinzi. Wewe ndiye watakayemfunga zaidi ya wote."

"Andika."

Akasikia anapumua. Hakukata simu. Labda alikuwa analia, labda alikuwa anatafuta kalamu.

"Na mama?" aliuliza Kholood.

"Kwa mama hakuna kitu. Njoo na mashine yako umpime."

Bi Mina akamvuta shati. Mdomo umejaa pamba, hawezi kusema, uso umelegea upande mmoja. Akafungua kiganja. Twalib akampa simu, akidhani anataka kusikiliza. Bi Mina akaizima, akaitia kwenye pochi yake, akasimama, na kwa mkono ule ule akamshika mwanawe kiganja kama mtu anayemvusha mtoto barabara, wakaanza kutembea kuelekea stendi.